Siku 183: nilivyorudishiwa kodi yangu Hoima

Slipu ya kwanza ya mshahara nilipewa mwisho wa Septemba 2023. Niliikunja nikaitia mfukoni bila kuisoma. Hela ya kutuma nyumbani Tanga ilikuwepo, na siku zile hilo ndilo nililotaka kujua.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Hoima, magharibi mwa Uganda, tunaijua sana kwetu, maana bomba la mafuta linaanzia huko Kabaale na kuishia kwetu Tanga, Chongoleani, kilomita 1,443. Tulikwenda vijana kumi na mmoja kwa kontrakta mdogo, kwa mkataba wa miezi mitano, kazi ya vyuma vya maghala.

Februari jenereta iliharibika, tukakaa kivulini tukisubiri. Mwenzangu wa zamu, Mnyoro wa Masindi, mwenyeji wa Uganda, akatoa slipu yake kutafuta ovataimu iliyopotea. Nami nikatoa yangu. Mshahara wetu ulikuwa mmoja, 1,400,000 za Uganda. Kodi yake ilikuwa 322,000. Yangu 345,500.

Sikuficha hasira. Niliamini kabisa kwamba kuna mtu ofisini anatukata Watanzania na kula. Kilichonizuia kwenda kugombana ni slipu ya saidia fundi wetu, kijana wa Pangani. Yeye alilipwa 600,000 na kukatwa kodi 105,500, wakati saidia fundi mwenyeji alikatwa 82,000. Toa hesabu: 23,500. Kwangu pia ilikuwa 23,500 hiyo hiyo. Mwizi angechukua zaidi kwa mwenye kingi. Hii ilikuwa kanuni, na kanuni mtu anaweza kuisoma.

Nikaisoma. Uganda ina orodha mbili za viwango vya kodi ya mshahara: ya mkaazi na ya asiye mkaazi. Mkaazi hatozwi kitu kwenye shilingi 235,000 za kwanza za mwezi. Kuanzia hapo hadi 335,000 anatozwa asilimia 10. Asiye mkaazi anatozwa hiyo asilimia 10 tangu shilingi ya kwanza. Wakifika 335,000, mmoja ametoa 10,000 na mwingine 33,500. Kutoka hapo wanakwenda pamoja: asilimia 20 hadi 410,000, kisha 30. Ndiyo maana fundi na saidia wake walipoteza kiasi kimoja.

Ukaazi huu wa kodi hauangalii uraia, na hapo ndipo wengi wetu tulipokuwa gizani. Unaweza kuwa na pasipoti ya Tanzania na ukawa mkaazi, mradi umekuwepo Uganda siku 183 au zaidi ndani ya miezi kumi na miwili. Mimi nilikosea kuhesabu mwanzoni. Nyumbani tumezoea mwaka wa kodi wa mtu binafsi kuanza Januari, kwa hiyo nilihesabu kuanzia Januari nikaona mpaka Julai. Lakini mwaka wa kodi wa Uganda ni tarehe 1 Julai hadi 30 Juni, na ile miezi kumi na miwili yaweza kuwa yoyote inayoanza au kuisha ndani ya mwaka huo. Siku zangu za Septemba zilikuwa hai.

Nikachukua daftari na pasipoti. Muhuri wa kuingia mpakani Mutukula: 4 Septemba. Desemba nilikwenda kumzika bibi, nikawa nje siku kumi na mbili kamili, nikazitoa. Siku ya 183 ikaangukia 16 Machi. Tarehe 18 niliingia ofisini.

Mhasibu alinisikiliza akiwa amesimama. Akasema mkataba wetu ni wa miezi mitano, kwa hiyo tuliingizwa kama wasio wakaazi, na kodi ikishapelekwa hairudi. La kwanza lilikuwa kweli siku tulipofika. Ila mkataba ulikuwa umeongezwa hadi Juni, na hakuna aliyegusa jina letu kwenye mfumo. Hali yako haibadiliki yenyewe siku ya 183. Lazima mtu aibadilishe.

Ruhusa ya nusu siku nikaitumia kwenda ofisi ya kodi. Niliambiwa njia ni mbili. Mwajiri anaweza kurekebisha ritani (taarifa za kodi) za PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, za miezi iliyopita, au mimi mwenyewe nisubiri mwaka uishe Juni, nijaze ritani yangu na kuomba marejesho. Kwa vyovyote nahitaji TIN, namba ya mlipakodi, ya Uganda. Ile ya TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, haina kazi kule. Kujisajili kwenye tovuti ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ni bure. Nasema hivyo kwa sababu nje ya geti la kambi kulikuwa na jamaa akiwatoza watu kwa kuwajazia fomu hiyo.

Nikachagua njia ya mwajiri kwa kuwa nilikuwa bado kazini. Mnyoro wangu alinisaidia Kiingereza cha barua. Tuliandika tarehe za mihuri, jumla ya siku, miezi saba kuanzia Septemba hadi Machi, mara 23,500, yaani 164,500. Nikaambatanisha kopi za pasipoti na slipu zote.

"Madam," nilimwambia, "naomba unionyeshe palipokosewa katika hesabu hii."

Aliipitia na kalamu, mstari kwa mstari. Kisha akaketi. Akauliza wako wangapi wengine.

Aprili nilikatwa 322,000. Mwisho wa Mei zile 164,500 zikaingia pamoja na mshahara, na wenzangu wanane wakapata zao mwezi huo huo.

Wawili walibaki. Walivuka mpaka kwa kitambulisho na karatasi ya pasi ya muda, na karatasi zilishapotea. Mmoja alikuwa yule kijana wa Pangani. Iliniuma, kwa sababu slipu yake ndiyo iliyonifungua macho. Tukaenda kwa walinzi kuomba daftari la geti, ambalo kila asubuhi tulisaini kuingia. Lilikuwa limelowa kurasa za Novemba, ila majina yalisomeka. Tulipiga picha kurasa zote, jioni tatu mfululizo, tukazipeleka kwa mhasibu pamoja na mikataba yao.

Slipu ya Juni ya kijana ilisomeka kodi 82,000, na chini yake mstari wa marejesho.