Mlikuja, hamkula

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Somo letu la wiki hii ni Luka 10:1-9, wale sabini waliotumwa wawili wawili. Nilikuwa na tafakari nyingine kabisa, ya mavuno mengi na watenda kazi wachache, na ilikuwa imekamilika tangu Jumanne. Jumamosi tukaenda kijijini na Mwalimu. Niliporudi nikaifuta.

Wengi mnamfahamu Mwalimu. Kwa ambao hamjamwona: hapa Tabora mjini ukisema mmisionari, watu wanageuka kutafuta mzungu. Huyu ni Mnyakyusa wa Rungwe, mfupi, mwenye kofia ya ukili, na gari hana. Kwao wamisionari wa Kimoravian walifika mwaka 1891. Huku kwetu walianza 1898, walipoipokea Urambo kutoka kwa misheni ya London iliyokuwa imetangulia. Yeye hupenda kusema babu zake walilisikia Neno kwa Wamoravian miaka 7 kabla ya babu zetu, kwa hiyo ana deni Unyamwezini na amekuja kulilipa na riba yake. Kinyamwezi amejifunza ukubwani. Bado anakikosea, na akikosea hucheka yeye kwanza.

Tulitoka saa 12 asubuhi kwa pikipiki mbili, tukashika barabara ya Sikonge. Nyie wenyewe mnaijua baridi ya Julai, vidole vinakufa ganzi. Mimi ndiye niliyepanga safari. Mkobani nilikuwa na fomu ya kaya 11, kila kaya dakika 25, na nafasi ya kuandika jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu na ombi lao. Nilikuwa nimepiga hesabu hadi dakika za kutembea kutoka nyumba hadi nyumba.

Kabla hatujauacha mji mbali, Mwalimu alielekeza kidevu upande wa Kwihara. "Livingstone alikaa kule miezi mitano," akasema. Ilikuwa 1872. Stanley aliondoka Machi kwenda pwani akaahidi kumtumia wapagazi, na wapagazi hawakufika hadi Agosti. "Miezi mitano, bila mzigo kusogea." Sikumjibu. Nilidhani ananipa historia.

Tukaiacha lami, tukaingia njia ya vumbi katikati ya miyombo. Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoanza kuisha, maana Mwalimu alisimama kwa kila mtu. Simaanishi kupunga mkono. Anazima pikipiki, anavua kofia, mwangaluka baba, mwangaluka mayo, wa nyumbani hawajambo, soko la tumbaku mwaka huu limekwendaje. Mwenye baiskeli ya mkaa, watoto na ndoo zao, kijana anayeshusha mzinga wa nyuki, wote walipata zamu yao. Saa 3 na nusu tulikuwa bado njiani na ndorobo, wale mbung'o wa porini, wameshatugundua. Nikamwambia, nusu utani nusu kweli: "Mwalimu, lakini Bwana alisema msimwamkie mtu njiani."

"Alisema," akajibu. "Soma mbele."

Nyumba ya kwanza kwenye fomu yangu ilikuwa ya bibi mmoja ambaye sitamtaja. Tulimkuta chini ya mwembe, ungo mapajani, anabangua karanga za mbegu. Tukapiga magoti, tukasalimu kwa kupiga makofi. Nikachomoa kalamu. Mwalimu akavuta kigoda, akachota karanga konzi moja, akaanza kubangua.

Nikangoja amalize ile konzi. Akachota nyingine.

Kwa waliokulia mjini: karanga ya mbegu haitwangwi wala haisuguliwi, maana ngozi yake ikichubuka inaozea ardhini. Unaibana kichwani kwa kidole gumba na cha shahada mpaka gamba litoe mlio, unaifungua, unaitazama. Nzima inakwenda kwenye ungo. Iliyosinyaa au yenye kovu inatupwa kwenye sufuria, hiyo ni ya mboga. Mwalimu aliweka zilizosinyaa kwenye ungo mara tatu au nne, na kila mara mkono wa bibi ulikuja ukaziondoa, bila neno, bila kumtazama. Baada ya saa moja ukucha wangu wa gumba ulikuwa unauma. Debe lilikuwa limejaa bado.

Nikamnong'oneza Mwalimu tugawane, yeye abaki na mwinjilisti wa kijiji, mimi na vijana wawili tuendelee na zile kaya 10. Akasema, kwa sauti ya kawaida, bibi akisikia: "Tumekuja hapa." Nikaketi. Nilikasirika, nisiwafiche. Nilikuwa nawaza nitawaambia nini wazee wa baraza wakiuliza taarifa.

Basi nikafanya alivyosema, nikasoma mbele. Nilikuwa na Agano Jipya dogo mfukoni. Mstari wa 4, ule niliomtupia njiani, unasema msimwamkie mtu. Wa 5 unasema nyumba yoyote mtakayoingia, semeni kwanza amani. Na wa 7, ambao nimeusoma miaka yote pasipo kuuona: "Msihame-hame kutoka nyumba hii hata nyumba hii." Fomu yangu ilikuwa ramani ya kuhama-hama.

Saa 8 mchana mjukuu wa kike alileta maji ya kunawa, kisha ugali, majani ya kunde yaliyokaushwa yakaungwa kwa karanga, na bakuli la kuku lililofunikwa. Mwalimu akanawa. Bibi hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Leo mtakula?"

Nikasema ndiyo bibi, tutakula, ahsante. Akaendelea kunitazama.

"Mwaka juzi mlikuja, hamkula."

Sikuelewa mara moja, halafu nikaelewa. Mwaka juzi alizikwa mjukuu wake, kijana. Siku hiyo tulikuwa na misiba miwili, kwaya ilikuwa imekodi gari, na dereva analalamika. Mimi ndiye niliyeongoza ibada kaburini. Niliifupisha. Tulipokuwa tunapanda gari, mtu alikuja kusema chakula kiko tayari, bibi amechinja jogoo, na mimi nikatoa kauli ya kikanisa: Mungu awabariki, tutakula siku nyingine. Jogoo wa msiba wa mjukuu wake nilimwachia kwenye chungu.

Tangu hapo hakuja tena kanisani. Na kwenye daftari la ushirika, mbele ya jina lake, kuna maneno mawili: amerudi nyuma. Mwandiko ni wangu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikimfikiria Gehazi. Katika 2 Wafalme 4 mtoto wa yule mama Mshunami amekufa, na Elisha anampa mtumishi wake maagizo yanayofanana na haya ya Luka: chukua fimbo yangu, ukikutana na mtu usimsalimu, akikusalimu usimjibu. Gehazi akatangulia. Akaweka fimbo juu ya uso wa mtoto. Hakuna sauti, hakuna kusikia. Akarudi kutoa taarifa, na taarifa yake, kwa haki, ilikuwa sahihi: mtoto hakuamka. Elisha alipofika alifunga mlango, akajilaza juu ya mtoto, kinywa kwa kinywa, macho kwa macho, mikono kwa mikono, mwili ukapata moto. Akatembea humo nyumbani huko na huko. Akarudi akajilaza tena. Gehazi na Elisha wote walikwenda nyumba ile ile kwa jambo lile lile. Mimi mwaka juzi nilikwenda na fimbo.

Sidai kwamba mstari wa 4 unaruhusu alichofanya Mwalimu barabarani. Nilimwuliza, akakiri hata yeye unamsumbua, ila kwa Wanyamwezi, akasema, ukimpita mtu bila kumwamkia, nyumba ya mbele itakuwa imeshasikia kabla hujafika. Hilo nalo ni kweli. Mwenye nuru zaidi juu ya mstari huo atusaidie.

Nilikula. Bibi alinichagulia paja, akalisukuma upande wangu wa sinia kwa ncha ya kidole, na nilipofika mfupani akaniongezea firigisi, ambayo kwa mila haikuwa yangu kabisa. Tulipomaliza alilitaja jina la mjukuu wake. Sikuliandika kwenye fomu. Mwalimu aliomba kwa Kinyamwezi chake cha kujikwaa, na palipotakiwa neno asilolijua, bibi alimtajia, akalisema, wakaendelea.

Tuliagana jua limeshuka, kwa mwadila sasa, salamu ya jioni. Tulipewa mfuko wa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, uko kwangu, anayetaka apite.

Wazee wameomba taarifa, nimejaza kaya 1. Yale maneno mawili kwenye daftari nimeyakata. Jana Jumapili mwinjilisti wa kijiji alinipigia simu: bibi hakuja kanisani. Karanga hazijaisha, na mvua za kupandia ziko mbali bado. Mwalimu anarudi Alhamisi kumalizia lile debe, na kwenye pikipiki kuna nafasi ya mtu mmoja. Aje amekata kucha.