Jumanne yangu katika kilima cha Makerere

Saa 11 alfajiri. Chai, karatasi, na uthibitisho ulionigomea tangu Ijumaa. Nimeandika mistari miwili, nimefuta mmoja. Hii ndiyo saa pekee ambayo hesabu huwa yangu. Kukicha tu, inakuwa ya watu.

Saa 2. Mhadhara wa hisabati wa mwaka wa kwanza, kuhusu kikomo, yaani thamani ambayo fomula inaikaribia. Chaki mpaka kwenye kola ya shati. Binti mmoja ameuliza kwa nini tusitazame tu mchoro. Nimefurahi, maana swali hilo lilimeza kipindi kizima.

Saa 4. Rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai mawili, pale Wandegeya, nimesimama wima.

Saa 5. Mwanafunzi wangu wa uzamivu amefika na modeli yake ya Ebola, milinganyo ya jinsi ugonjwa unavyoenea. Ni kijana wa Koboko, mimi wa Arua, kwa hiyo tukifunga mlango tunaongea Kiswahili. Amejenga juu ya kazi ya wanasayansi Kermack na McKendrick ya mwaka 1927, inayogawa watu makundi matatu: wanaoweza kuambukizwa, wagonjwa, na waliotoka, yaani wasioambukiza tena. Waliokufa amewaweka kwa waliotoka. Algebra yake ni safi, sina neno.

"Mwanangu, mwaka 2000 kule Gulu, maiti alikuwa ametoka?"

Amenyamaza. Mlipuko ule wa Ebola ulikuwa na wagonjwa 425, na 224 walikufa. Wengi waliambukizwa wakiosha maiti wa jamaa zao, jinsi mila inavyotaka. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola bado una virusi. Kwa hiyo lazima wapate kundi lao, waliokufa wasiozikwa bado, na kila siku wanayokaa humo inaongeza R0, yaani idadi ya watu ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza kwa wastani pale ambapo hakuna mwenye kinga. Mazishi salama yanafupisha siku hizo. Amefuta ubao mwenyewe, akaanza upya, mkono ukitetemeka kidogo.

Hisabati ya namna hii haikuanza nasi. Profesa Livingstone Luboobi, aliyekuwa Makamu Mkuu wa Chuo 2004 hadi 2009, aliishughulikia miaka mingi.

Saa 9, kikao cha idara. Saa 11, kusahihisha.

Saa 3 usiku ujumbe umeingia: "Profesa, nimeongeza kundi la D, la waliokufa. R0 imepanda."

Nimemwuliza ni sehemu gani ya hiyo R0 inatoka msibani, kisha nikairudia karatasi ya alfajiri.