Changu wa Feri

Juzi maharusi wa nyumba ya pili waliondoka kwenda Unguja kula fungate, na binti yangu akanikuta jikoni nachambua mchicha. "Mama, na wewe na baba mlipanda boti?" Nikamwambia hapana, sisi tulipanda pantoni. Akauliza kama pantoni inafika Unguja. Nikasema inafika Kigamboni. Akaridhika, akatoka kwenda kucheza, mimi nikabaki na mchicha mkononi na kichwa chote kiko Feri, soko la samaki la Dar.

Ilikuwa 2016, mwaka ule mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar. Kamati ya harusi ilipomaliza kulipa ukumbi, mpishi na mziki, kilibaki kitu kidogo sana. Kaka wa mume wangu, wa Kihonda hapa Morogoro, akaongeza bahasha yake, ikatimia laki moja na nusu. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alitaka tununue kuku wa mayai. Ulikuwa ushauri mzuri na ulitoka moyoni. Mwenzangu akamwambia, "Mama, kuku tutanunua. Tupe siku mbili tu tukapunge upepo wa bahari." Mama akanyamaza kidogo, kisha akaingia ndani na kutufungia maandazi ya safari. Ndiyo ilikuwa ruhusa.

Kitu cha kwanza tulichofanya kabla ya kupanda basi ni kutenga nauli ya kurudi. Niliifunga kwenye pindo la kanga, fundo mbili, na tukakubaliana kwamba hata tukilala njaa fundo hilo halifunguliwi mpaka Ubungo. Nawaambia wadogo zangu kila wanaponiuliza namna ya kwenda mjini na hela ya mawazo: anzeni na ya kurudi. Mtu mwenye uhakika wa kurudi kwao anatembea vizuri, hata kama mfukoni hana cha maana.

Njia ya Moro mnaijua. Chalinze, Mlandizi, Kibaha, jua, wauza maji dirishani. Saa sita mchana tulikuwa Ubungo, tukaingia kituo cha mwendokasi, shilingi 650 kila mmoja mpaka Gerezani. Mimi Dar nilikuwa naijua kwa daladala, nimejikunja kama mkeka huku kondakta ananiambia nisogee nyuma kuna nafasi. Siku hiyo nilikaa kwenye kiti. Tukapita Manzese na Magomeni bila kusimama foleni, tukakatiza bonde la Jangwani, na mwenzangu akawa anasoma majina ya vituo kwa sauti kama mtoto aliyejua kusoma jana. Nilimpenda sana pale.

Gesti tuliipata Kariakoo, mtaa wa ndani, ghorofa ya nne kwa ngazi. Kulikuwa na vyumba vya kiyoyozi na vya feni, tukachukua cha feni kwa elfu ishirini. Shuka zilikuwa safi, neti haikuwa na tundu, bafu ni la kushirikiana. Dirisha lilitazama paa za mabati na matangi ya maji, na chini kabisa mtaa mzima ulikuwa umejaa marobota ya vitenge na mikokoteni. Kelele zilipanda mpaka juu. Tulioga, tukala maandazi ya mama, tukashuka.

Mchana ule tulitembea kwa miguu tu, na nauchukua kuwa mchana mzuri ingawa hatukununua chochote zaidi ya madafu. Tulipita Mnazi Mmoja, tukaingia Samora mpaka kwenye Sanamu ya Askari. Watu wengi huipita pale wakikimbilia Posta. Iliwekwa 1927 kwa ajili ya Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza, na bunduki yake yenye singe imeelekea bandarini. Mwenzangu aliinama kusoma maneno ya Kiswahili yaliyopo chini yake, pale wanapotajwa wapagazi, kwamba ndio walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Kwao Matombo wanasimulia juu ya babu mmoja aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita hivyo asirudi tena. Hakuna kaburi. Alisimama pale muda mrefu, magari yakituzunguka, nami nikasimama naye. Sikumuuliza kitu, hakuniambia kitu.

Kutoka pale tukaenda Bustani ya Mimea, ile iliyoanzishwa na Wajerumani tangu 1893, tukakaa chini ya miti mikubwa huku kunguru wakigombania ganda la embe. Makumbusho ya Taifa ni hatua chache tu kutoka hapo. Nilikuwa nataka sana kuliona fuvu la zamadamu Zinjanthropus, lile alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, kwa sababu nimelifundisha darasani bila kuliona kwa macho. Tulifika getini wanafunga. Askari wa zamu alitusemesha kwa upole kabisa: njooni kesho. Kesho yetu ilikuwa na mambo yake.

Usiku tukala chipsi mayai Kariakoo, tukanywa kahawa chungu na kashata barazani kwa mzee mmoja ambaye wateja wake walikuwa wakibishana Simba na Yanga kwa namna ambayo ungedhani mtu atapigwa, halafu wanacheka na kuongezana kahawa. Tukalala feni ikizunguka.

Sasa Feri.

Adhana ya alfajiri ilitukuta macho. Tukatembea mpaka Kivukoni giza likiwa linapauka, mji bado mtupu, wafagiaji tu na wauza uji. Harufu ndiyo iliyotupokea kwanza, kabla soko halijaonekana: chumvi, moshi wa kuni, na samaki mbichi mbichi. Mashua zilikuwa zinaingia. Vijana walisimama majini mpaka kiunoni, wakipokezana ndoo na kuzibeba kichwani mpaka kwenye meza za mnada, maji yakiwachuruzika mgongoni. Juu ya meza zile samaki walimwagwa kwa mafungu: vibua, changu, kolekole, pweza waliorundikana, na taa mmoja mpana aliyekuwa bado anapandisha na kushusha mbavu. Mnadi alikuwa anaimba bei. Nasema anaimba kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kila bei ilikuwa na mdundo wake, na watu walijibu kwa nyusi tu, kwa kidole, kwa kidevu. Fungu linanunuliwa kabla sijajua nani kanunua.

Tulikuwa tumetenga elfu kumi na tano ya samaki. Ndiyo ilikuwa anasa yetu, kitu kimoja tulichokubaliana kulipia bila kusita. Tulisimama tukiwa hatujui pa kuanzia, mpaka mama mmoja mtu mzima, beseni kiunoni, akatutazama viatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mnataka wa kula au wa biashara?"

"Wa kula, mama."

"Basi msinunue peke yenu, watawapiga. Tusimame pamoja."

Akanyanyua kidevu mara mbili, na fungu la changu likawa letu sote watatu. Kisha akatuchagulia. Hakutupa tu, alinifundisha. Alimshika changu mmoja mwekundu, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole, akafunua shavu lake kwa dole gumba. Ndani palikuwa pekundu kabisa, panang'aa. "Pakiwa kahawia, mwache." Akabonyeza ubavu, nyama ikazama na kurudi papo hapo. "Ikibaki shimo, mwache." Akanigeuzia jicho la samaki: limetuna, jeusi, safi, lina maji. "Jicho likishaingia ndani huyo ni wa jana. Umeona?" Nikasema nimeona. Akanipa samaki nimbonyeze mwenyewe. Alikuwa wa baridi na mzito, magamba yakinikwaruza kiganjani, na nikahisi ile nyama inavyosukuma kidole kirudi. Mpaka leo nikiwa sokoni kwetu, samaki wa barafu wamepangwa, kidole changu kinakwenda chenyewe.

Tukalipa elfu kumi na mbili. Yeye akajaza beseni lake, akajitwisha, akasema anawahi daladala ya Temeke, wateja wake wanakaanga mapema. Sikupata kumuuliza jina.

Wapara samaki wako upande mmoja, umewapa mia tano umemaliza. Magamba yaliruka kama cheche na kutuganda kwenye nguo. Kisha tukaenda kwa wakaangaji, kwenye yale makarai makubwa yanayochemka juu ya kuni, moshi mtupu, wanaume wamefunga vitambaa kichwani. Kijana alimchanja changu wetu chale tatu kila ubavu, akampaka chumvi, akamtelezesha kwenye mafuta kwa kumshika mkia. Mafuta yakalia. Nilisimama karibu mno na sikutaka kusogea. Nilitazama ngozi ile nyekundu inavyogeuka dhahabu, inavyojikunja pale ilipochanjwa, mapezi yakikauka na kuwa kama karatasi. Mwenzangu alikuwa nyuma yangu amenishika bega. Tulikuwa na njaa, tulikuwa tumeoana, hatukuwa na kazi yoyote ya kufanya siku nzima isipokuwa kumla samaki yule. Sijui kama nimewahi tena kusimama mahali nikitaka kitu kimoja tu namna ile, nacho kipo mbele yangu na kinakuja.

Akafungwa kwenye gazeti, akatiwa ndani ya mfuko wa rambo, maana ilikuwa kabla ya 2019 na mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku. Tukaongeza ndimu, pilipili na mihogo ya kukaanga.

Pantoni ilikuwa mia mbili. Lango lilipofunguliwa watu walikimbia na sisi tukakimbia, baiskeli, bajaji na matenga ya nyanya vikituzunguka. Tulipata nafasi ukingoni. Ni mwendo wa dakika chache tu, wenyeji wanautumia kama kuvuka barabara, wengine hawakuinua macho kwenye simu. Sisi tulitazama kila kitu: mnara wa kanisa la Azania Front na vigae vyake vyekundu ukibaki nyuma, na meli ya makontena iliyokuwa inaingia bandarini, ndefu kiasi kwamba ilituziba jua ilipopita. Mwaka ule ule Daraja la Nyerere lilikuwa limefunguliwa kule Kurasini, na abiria mmoja alituambia kwamba sasa pantoni itakosa watu. Ilikuwa imejaa pomoni.

Ng'ambo tuliambaa na ufuo mpaka watu walipopungua, tukakaa kwenye kivuli cha mashua iliyovutwa mchangani. Maji yalikuwa yamekupwa. Tulimla changu kwa mikono, yeye upande huu mimi upande ule, tukikutana mgongoni. Kichwa aliniachia mimi. Kwetu mama ndiye anayempa baba kichwa cha samaki, kwa hiyo nilikishika kwanza nisijue la kufanya. Akasema, "Kula, mke wangu." Nikala mpaka mashavu, mpaka jicho.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Tuliingia majini na nguo zetu, tukakaushwa na upepo, tukavuka, tukachukua begi, na fundo la kanga likafunguliwa Ubungo kama tulivyoahidiana. Saa tatu usiku tulikuwa nyumbani, na kwenye laki na nusu palikuwa pamebaki elfu ishirini na kitu. Ikanunua vifaranga. Mama alifurahi, na kila kuku alipotaga aliniletea yai mwenyewe.

Tumekwenda Dar mara nyingine tangu hapo. Tangu treni ya umeme ianze 2024 ni elfu kumi na tatu tu kutoka Moro, unafika hata hujasinzia, na sasa tunaweza kulipia chumba cha kiyoyozi. Ni raha, siwezi kusema si raha. Watoto wanapiga kelele kwenye viti, tunakula tunachotaka. Lakini tunakwenda na shughuli, na mgonjwa wa kumtazama, na vitu vya kununua Kariakoo, na ile hali ya kusimama mbele ya karai bila kuwaza kingine haijanirudia. Labda ilikuwa ujana. Labda ni zile siku mbili zenyewe, kwamba hatukuwa na nafasi ya kuchoka.

Mwenzangu anaamini hilo la pili. Anasema tungelala usiku mmoja zaidi tungeanza kuhesabu hela, tungegombana, na tusingekuwa na cha kusimulia. Huwa ananieleza kwa uhakika kabisa, na mara nyingine karibu nakubali. Halafu nakumbuka kwamba elfu ishirini ile iliyobaki ndiyo ilikuwa bei kamili ya chumba, nauli ilikuwa kwenye kanga, na Makumbusho yanafunguliwa asubuhi. Mimi ningelala.