Jinsi nilivyoacha vepu bila wasiwasi kunimaliza

Niko Kisumu na kila asubuhi kifua kilikuwa kinabana kabla hata sijafika steji ya Kondele, nikipiga vepu, ile sigara ya umeme, kinaachia, lakini hiyo ilikuwa arosto tu, yaani mwili kukosa nikotini, juu nusu ya nikotini hutoka kwa damu kwa kama masaa 2 na mwili unaanza kudai tena. Famasia wakanipa chingamu ya nikotini ya miligramu 2, na hii msiitafune kama Big G jameni, unatafuna polepole mpaka iwashe, unaipaki kati ya shavu na ufizi, makali yakiisha unarudia, na kahawa ama soda zikae mbali. Wiki za kwanza nilikuwa mkali hadi makanga walinijua. Hasira ikapungua. Usingizi ndio ulichelewa kurudi.