Mstari mfupi ndio ulioshinda

"Mjomba, ni kweli zamani mlikuwa mnapiga kura kwa kupanga foleni, kama sisi tukingoja uji?"

Mtoto wa dada yangu huyo, Jumapili, daftari la kazi ya nyumbani liko mapajani. Nikamjibu ni kweli, nikadhani tumemaliza. Kumbe hajamaliza. "Sasa si kila mtu alikuwa anaona nani ameshinda?"

Kila mtu alikuwa anaona. Na tangu Jumapili nimekuwa nikiuona uwanja ule.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 22 Februari 1988, siku ya mchujo wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa Kenya wakati huo, kuchagua wagombea wake wa ubunge. Mliosoma hapa siku nyingi mnajua kwetu ni wapi, na mnajua nilikuwa mwalimu kijana mwenye suruali mbili. Wenye kadi ya chama ndio walioruhusiwa kupanga mstari, nami kadi nilikuwa nayo, maana bila kadi hata sokoni ulikuwa unaweza kuzuiwa. Mawakala wa wagombea walisimama kwenye uwanja wa shule, kila mmoja ameinua picha ya mtu wake, na sisi tukajipanga nyuma ya picha. Hakuna karatasi, hakuna sanduku. Maaskofu wa Anglikana kama Okullu na Muge walikuwa wameupinga mtindo huo, tuliouita mlolongo, waziwazi, na ukifikiri kidogo unaona kwa nini: mchungaji akionekana nyuma ya picha moja, Jumapili waumini wa picha ya pili atawatazama vipi? Mimi niliwaza zaidi juu ya mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama kivulini akitazama nani anakwenda wapi.

Mstari wetu ulianza kwenye mlingoti wa bendera, ukapita madarasa, ukazunguka vyoo, ukaishia kwenye ua wa mkonge. Ule wa pili ulikoma kwenye mwembe. Mwembe wenyewe haukuwa mbali. Mtoto angeweza kurusha jiwe kutoka mlingotini akaugonga.

Mbele yangu alisimama mzee mmoja, mstaafu wa reli, amevaa koti zito juani. Nilimwona akitia mkono mfuko wa kulia, kisha mfuko wa kushoto, kulia, kushoto, kila mtu alipojiunga nasi. Nikadhani ana upele. Baadaye kidogo punje ya mahindi ikamponyoka ikaanguka karibu na kiatu changu. Akainama, akaiokota, akaifuta vumbi kwa kidole gumba, akaitia mfuko wa kushoto. Ndipo nikaelewa. Alikuwa anatuhesabu.

Chifu akaja na fimbo yake, nyuma yake askari wawili wa utawala. Akaanza na mstari wa mwembeni, akimgusa kila mtu begani na kutamka namba kwa sauti. Alipofika kwetu mwendo ulibadilika. Bega moja aliligusa, mabega matatu akayapita, namba akizitamkia shingoni. Mimi hakunigusa. Alipofika kwenye vyoo aligeuka, nadhani kwa sababu ya harufu, akarudi mlingotini na kutangaza: mstari wa mwembeni, mia nne na ushei. Wetu, mia mbili na kitu.

Kimya. Hata mawakala wa mwembeni walitazamana.

Mzee wa reli akainua mkono, kama mwanafunzi. "Bwana Chifu, samahani. Mimi nilikuwa karani wa stesheni miaka mingi. Naomba tuhesabu tena."

Chifu akamtazama, akalitazama lile koti. "Mzee, hesabu zako zipeleke stesheni. Labda kuna gari la moshi linazisubiri."

Watu wakacheka. Wa mwembeni walicheka, na wetu pia walicheka, kile kicheko cha mtu anayetaka aonekane anacheka. Mzee hakujibu. Alibaki na mikono mifukoni, na mifuko ilikuwa imefura. Kisha askari wakatuambia mambo yamekwisha, kila mtu aende zake, nasi tukaenda. Huo ndio uliokuwa ujanja wenyewe, na sikuutambua siku ile. Sanduku la kura unaweza kulifungua ukahesabu upya hata mwezi mzima baadaye. Mstari ukishatawanyika, umebaki na nini? Neno la chifu na mahindi ya mzee.

Jioni matokeo ya jimbo yakatangazwa. Kanuni za chama zilisema anayepata asilimia 70 ya mlolongo anapita moja kwa moja, hana haja ya kura ya siri. Mtu wa mwembeni alikuwa amezipata, akazidisha kidogo. Kwa hiyo Machi, wenzetu wa majimbo mengine walipokwenda kwenye masanduku, sisi tulikwenda shambani. Gazeti moja la kanisa, Beyond, lililoandika juu ya wizi wa mlolongo, lilipigwa marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa.

Basi likaapishwa Bunge, na Agosti likafanya kazi yake. Nilikuwa kwa kinyozi, redio ya serikali, VOK, imewashwa, "Mtukufu Rais" Moi amekwisha kutajwa mara kadhaa, ndipo tukasikia kwamba Katiba imebadilishwa. Majaji wa Mahakama Kuu na ya Rufani hawana tena ulinzi wa kazi. Rais anaweza kuwaondoa. Mtuhumiwa wa kosa la kunyongwa, ambaye zamani alipaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, sasa anaweza kukaa kwa polisi siku 14. Mkuu wa Sheria alikuwa ameshapoteza ulinzi wake mwaka 1986. Mswada ulisomwa mara zote unazotakiwa kusomwa. Hakuna aliyevunja mlango wa Bunge wala kifaru kilichopita barabarani. Kila kitu kilifuata kanuni, na kinyozi hata wembe hakuusimamisha.

Wala wabunge hao hawakuwa wa kwanza. Juni 1982, wanasiasa Jaramogi Oginga Odinga na George Anyona waliponong'onwa kuwa wanataka kuanzisha chama, Bunge liliingiza kifungu cha 2A kwenye Katiba na kuifanya KANU chama pekee kisheria. Hoja ililetwa na waziri Charles Njonjo, ikaungwa mkono na Mwai Kibaki, Makamu wa Rais wakati huo. Mwaka uliofuata Njonjo mwenyewe akaitwa msaliti, akaundiwa tume ya uchunguzi. Kibaki naye, kifungu kilipofutwa Desemba 1991, alisubiri mpaka Krismasi, akajiuzulu uwaziri, akaanzisha chama. Sisemi kitu. Napanga tarehe tu.

Zile siku 14 nilizielewa kwa kijana wa jirani yetu, aliyechukuliwa kwa kushukiwa wizi wa mabavu, nao ulikuwa kosa la kunyongwa. Mama yake alikuwa akienda kituoni na chakula, na kila mara aliambiwa muda wa kisheria haujaisha. Ilikuwa kweli. Haukuwa umeisha. Kijana aliachiwa bila shtaka na hakuweza kukunja vidole vya mkono wa kulia.

Nilitaka kumweleza mtoto kwamba fimbo ya chifu na vidole vile ni habari moja. Nilijaribu, nikaona macho yamehamia kwenye simu. Labda mimi pia nalazimisha. Labda wabunge waliopita kwa sanduku la siri wangeinua mikono vilevile; nimeona masanduku tangu hapo, na nimeona mikono.

Novemba 1990, wafadhili wamekaza, maaskofu wamekaza, Bunge lilelile lilirudisha ulinzi wa majaji. Lilelile, la mlolongo, watu walewale. Mwalimu mwenzangu alileta gazeti chumba cha walimu na soda mbili, tusherehekee. Nikalitafuta jina la mbunge wetu, nikalipata ukurasa wa ndani. Alikuwa amesimama kuunga mkono. Alieleza kwa kirefu jinsi jaji asiye na hofu alivyo ngao ya mwananchi wa kawaida, na kwamba yeye daima amelishikilia jambo hilo.

Nilisoma mpaka mwisho. Alikuwa amezungumza vizuri sana.