Kwa Baba Mdogo, Pembeni mwa Budongo

Basi lilitoka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, alfajiri. Mfukoni nilikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne: majina 40 ya watu wazima wa ukoo wetu, 19 kati yao wameshatia sahihi. Tunataka msitu wetu wa kijitoni uandikishwe kuwa mali ya wote, kisha tuuzunguke kwa makazi na mashamba yanayoulinda badala ya kuumega. Nilikuwa naenda Nyabyeya, wilaya ya Masindi, kwa baba mdogo. Alihama West Nile, eneo letu la Arua, akiwa kijana kufuata kazi ya kupasua mbao, akazeeka huko huko. Sahihi yake ilikuwa haipo, na mimi nilihitaji kuliona shamba lake.

Tulivuka Nile Pakwach, tukaivuka tena Karuma, ambako nyani hukaa kando ya barabara wakisubiri abiria watupe chochote. Kigumba nikashuka, nikapanda teksi hadi Masindi, kisha bodaboda. Kutoka Masindi kwenda magharibi ni miwa tu, miwa mpaka macho yachoke. Halafu ghafla mbele yako unasimama Budongo, msitu wa hifadhi wa kilomita za mraba zaidi ya 800, wenye mahogani na sokwe. Nyabyeya imejikunyata pembeni yake. Walugbara, Waalur, watu waliotoka Kongo na Wanyoro wenyeji wanakutana hapo kwa Kiswahili.

"Karibu, mwanangu. Huko nyumbani mvua imenyesha?"

"Bado, baba. Wote wanakusalimu."

Ilikuwa Februari, nyasi zimekauka hadi zinavunjika mkononi. Hakunikalisha. Alinipeleka moja kwa moja juu ya mteremko, akaniambia niingize mkono chini ya matandazo ya majani ya migomba. Udongo ulikuwa na unyevu. Nilichuchumaa pale muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu kwa mgeni aliyefika sasa hivi.

Siri yake ni miti mitatu iliyofungwa mfano wa herufi A, kamba, na jiwe linaloning'inia katikati. Kwa kipimo hicho hutafuta usawa wa ardhi, akachimba mifereji inayokata mteremko, maji yatulie na kuzama badala ya kukimbia na udongo. Waaustralia Bill Mollison na David Holmgren, walioanzisha pamakacha, yaani kilimo cha kudumu kinachoiga maumbile, miaka ya 1970, walisisitiza jambo hilo hilo la kuzuia maji kwanza. Nasi tunalo kwa majina yetu: ukitupa udongo upande wa juu wa mfereji ni fanya juu, ukiutupa chini ni fanya chini. Baba mdogo hufanya chini, na juu ya tuta hupanda kaliandra, mti mdogo wa malisho na kuni. Sisi Arua mwaka juzi tulinunua miche kwanza. Hatukupima chochote. Mvua ya kwanza ilifukia mashimo yetu, jua likamaliza miche iliyobaki, na bado ninawaonea uchungu wazee waliochanga fedha zile.

Karibu na jiko la mama mdogo kuna dodo, yaani mchicha, nyanya na vitunguu, kwa kuwa hivyo huchumwa kila siku. Maji ya kuogea huishia kwenye shimo la takataka lililozungukwa na migomba. Mbele kidogo ni kahawa ya robusta chini ya kivuli cha miti ya misizi. Robusta ni mwenyeji wa misitu hii, humea humo yenyewe. Kaliandra ikipogolewa, majani huliwa na mbuzi na vijiti huenda jikoni. Mama mdogo aliniambia hajaingia msituni kutafuta kuni tangu mvua za mwaka uliopita. Hilo lilinigusa kuliko kahawa yote. Msitu hauponi mpaka kuni ziote mlangoni.

Ukingoni kabisa hakuna mwembe, fenesi wala muwa. "Hivyo ni kuwaita sokwe," alisema, "halafu utawalaumu kwa kuitika." Kisha alinionyesha bonde ambako zamani palikuwa na miwale, jamii ya mitende. Walima tumbaku waliikata ili wapate kamba za kufungia majani ya kukausha, na sokwe waliokuwa wakitafuna moyo wake kwa ajili ya chumvi wakakosa. Kwetu pia tumbaku ilikula miti mingi. Tulisimama kimya.

Usiku, baada ya posho, yaani ugali, na maharage, nilikunjua karatasi. Nilimweleza kwamba Sheria ya Ardhi ya Uganda ya 1998 inaruhusu jamii kuunda jumuiya ya ardhi ya pamoja ikiwa asilimia 60 wamekubali, na kamati iwe ya watu watatu hadi tisa, theluthi yao angalau wawe wanawake. Tulihitaji 24. Alisogeza taa, akasoma jina moja moja.

"Mkeo yuko wapi hapa? Mama yako?"

Nilijibu kwamba tumeandika wa ukoo, si walioolewa kwetu.

"Nani anachota maji kwenye kile kijito? Nani anajua mti upi umekatwa jana?" Akaikunja karatasi, akanirudishia. "Waandike, kisha uje. Sitii sahihi juu ya msitu ambao wanaoutumia hawajaulizwa."

Asubuhi alinikatia vipande vya drasena, ule mmea ambao Wachaga huuita isale, vya kuotesha kwenye mpaka. Alivifunga kwa jani la mgomba lenye maji.

Ndani ya basi nilipiga hesabu. Tukiwaongeza wanawake 25, tunakuwa 65, na asilimia 60 ni 39. Nilikuwa nimebakiza watano. Sasa wamekuwa 20. Pakwach, abiria walipokuwa wakinunua samaki, nilizimwagia maji zile drasena, nikageuza karatasi upande wa nyuma na kuomba kalamu kwa jirani. Nilianza na jina la mama.