Nilivyotengeneza kidubwasha cha saa za Kiswahili, na kinavyoendelea kuishi

Hapa Kigoma ukimwambia abiria basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri haulizi mara mbili. Muandikie 5:00 AM kwenye simu sasa, wapo watakaokuja saa tano asubuhi na mabegi yao na vidumu vya mawese, basi lishapita Uvinza zamani. Mi natengeneza tovuti za mawakala wa tiketi na wenye maboti, na hii kesi nilikuwa naisikia kila stendi ninayoingia, ndo nikaamua nikae niandike kitu kidogo cha kuchagulia na kuonyeshea saa za kwetu kisha nikakiachia kama programu huria, leseni ya MIT, kila mtu achukue.

Mtu atasema si brauza zinajua Kiswahili siku hizi? Zinajua, ila nusu. Kuna kitu kinaitwa Intl kiko ndani ya JavaScript, lugha ya programu inayofanya kazi ndani ya brauza, ukikipa sw-TZ (alama ya Kiswahili cha Tanzania) kinakuletea Jumatatu, Januari, vyote safi kabisa. Saa ndo hakiigusi, 05:00 inabaki 05:00. Kutoa sita mtoto wa darasa la tatu anaweza, hiyo siyo kazi, kazi iko usiku.

Kompyuta inageuza tarehe saa sita usiku. Sasa mtu anakwambia boti linaondoka Ijumaa saa nane usiku, anamaanisha ule usiku baada ya mchana wa Ijumaa, wakati kompyuta hapo inahesabu ni Jumamosi tayari. Halafu nenda Ujiji kwa wazee uwaambie "usiku wa Ijumaa", wengi wataelewa Alhamisi baada ya magharibi maana kwao siku inaanza jua likizama. Kwa hiyo sentensi moja ya tiketi ina siku mbili tofauti kutegemea nani anaisoma, na wote wako sahihi. Tulichofanya ni kuandika "saa nane usiku kuamkia Jumamosi", hapo hakuna mzee wala kijana anayebisha. Hilo neno kuamkia linatokea lenyewe kwenye saa zote kuanzia sita usiku mpaka kabla ya alfajiri, na alfajiri ianzie wapi mwenye tovuti anapanga mwenyewe, maana ule ubishi wa saa kumi ni usiku au ni alfajiri nimeuacha, hauishi leo.

Kitu kimoja nilichokishikilia tangu mwanzo, ndani ya fomu thamani inabaki 05:00 ya kawaida ya masaa 24. Kiswahili kiko usoni tu. Seva, databezi, meseji za malipo, vyote vinapokea kitu wanachokijua na hakuna anayelazimika kubadilisha mfumo wake wa nyuma kwa sababu yangu. Nadhani hii ndo sababu kubwa watu walikubali kukitumia, kukitoa ni rahisi kama kukiweka.

Baadae ikaja ripoti kutoka kwa jamaa wa Bujumbura, boti linaonekana limewahi saa nzima. Kodi, yaani maandishi ya programu yenyewe, haikuwa na tatizo lolote, ni kwamba Burundi wako nyuma yetu saa moja, wao UTC+2 sisi UTC+3 (UTC ni saa ya dunia nzima ya kupimia nyingine), na upande wa Kongo ng'ambo ya ziwa nao ni hivyo hivyo, simu yake ilikuwa inajitahidi kumsaidia kwa kumgeuzia saa kwenda za kwake. Ndo tabia ya Date ya JavaScript, ukiipa tarehe tupu kama 2024-05-03 inaihesabu kwa UTC, ukiiongezea saa bila kutaja ukanda inahesabu kwa saa za simu iliyoko mkononi. Kwenye meli au boti saa ya kuondoka ni ya bandari, siyo ya abiria, kwa hiyo sasa lazima utaje Africa/Dar_es_Salaam au ukanda wa bandari husika, usipotaja inakugomea kabisa na maelezo yanatoka kwa Kiswahili. Kuna waliolalamika kwamba tunawasumbua, ila bora developa asumbuke mezani kwake kuliko abiria aachwe gatini.

Upande wa frontendi yenyewe nilikiandika kama webu komponenti, yaani tagi ya HTML ya kwako mwenyewe, kwa sababu wateja wangu mmoja yuko WordPress, mwingine ana tovuti ya jQuery ya miaka hiyo, mwingine kijana wake kasoma React, zana ya kujengea kurasa, hataki kusikia kingine. React ilikuwa inasumbua na hizi tagi, ukitaka kuipa data ya maana unazunguka zunguka, mpaka toleo la 19 Desemba 2024 ndo likazikubali vizuri. Na chini yake kuna input ya kawaida ya saa, JavaScript isipofika mtu bado anajaza fomu. Hili usilidharau, kuna abiria wanatumia Opera Mini kwenye ile hali ya kubana data kabisa, kurasa zinapikwa kwenye seva za Opera huko na JavaScript inafanya kazi kiduchu tu.

Hakina dipendensi hata moja, yaani hakitegemei kifurushi cha mtu mwingine. Watu wa mjini wananicheka kwamba naandika upya vitu vilivyoandikwa, sawa, ila Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kifurushi chake cha left-pad kwenye npm, ghala la mtandaoni la vifurushi vya JavaScript, mistari 11 tu ya kodi, kazi yake kuongeza nafasi kushoto mwa maneno, na dunia nzima watu wanaotumia zana kama Babel na React wakashindwa kujenga projekti zao. Na mimi bando nanunua kwa hela yangu, sina hamu ya kushusha mafaili mia tano ili nitoe sita kwenye namba.

Sasa kukiandika ilikuwa raha. Kukitunza ndo shughuli.

Baada ya watu kuanza kukitumia maombi yakaanza kumiminika, weka kalenda nzima, weka tarehe za Hijria, weka rangi za kuchagua, tengeneza ya Vue, tengeneza ya Flutter, zana nyingine za kujengea programu (Flutter na kidubwasha cha brauza wapi na wapi). Kila ombi ukiliangalia peke yake lina maana, na aliyeliomba kaandika kwa heshima zote, "kaka samahani naomba kitu kidogo tu". Kile kitu kidogo ukishakiingiza ni cha kwako maisha, yeye akishamaliza projekti yake anaondoka. Nikaandika juu kabisa ya README, lile faili la maelezo ya programu, kabla hata ya maelezo ya kuinstoli, vitu ambavyo hakifanyi na hakitafanya, kila ombi jipya namuelekeza mtu pale na kumsalimia vizuri. Moment.js yenyewe iliyokuwa inatumika kila kona kwa mambo ya tarehe, Septemba 2020 wenyewe walitangaza hawaongezi kitu kipya tena, wanatunza tu kilichopo, wakawaelekeza watu wakatumie vingine. Kama wakubwa wale walifunga mlango kwa amani mi nani nisikatae kalenda.

Hela je? Michango ya mtandaoni sikuitegemea na sijutii. Kinachokilisha ni mawakala wenyewe. Kwenye makadirio ninayompa mteja kuna mstari wa kujenga tovuti na mstari wa matunzo ya kila mwezi, ndani ya matunzo kuna muda wangu wa kukaa na hiki kidubwasha, na namwambia waziwazi. Mama mmoja wa stendi alishtuka, "Mwanangu, kitu nimekulipa mimi, halafu unawagawia watu bure, mpaka huyu wa dirisha la pembeni anacho?" Nikamwambia, "Mama, ulicholipia ni kufungiwa kwako na mimi kupokea simu yako kikigoma usiku, hicho simgawii mtu." Akafikiria kidogo akasema "haya, ila hiyo simu uipokee kweli". Naipokea. Na uzuri huyo wa dirisha la pembeni ndo aliyegundua kwamba kwenye simu ndogo za bei rahisi kitufe cha "jioni" kinafichwa na kibodi, akamwambia kijana wake, kijana akaleta marekebisho, mama akayapata bila kulipa senti. Nilimuonyesha, akaguna tu.

Kipindi umeme wa hapa ulikuwa wa majenereta ya dizeli, hatujaunganishwa na gridi ya taifa, nilijizoesha testi zote ziendeshwe GitHub, tovuti ninakoweka kodi, kwa repo (hifadhi ya kodi) ya wazi hawakutozi. Mpaka leo nimeendelea hivyo hivyo. Nasukuma kodi, nazima laptopu, majibu nayasoma kwenye simu nikiwa Kibirizi nanunua dagaa.

Kilichobaki kunikosesha usingizi ilikuwa mtu wa pili, maana funguo za kutoa toleo npm nilikuwa nazo mimi tu, ningeumwa kila kitu kingesimama. Wakati huo huo huwezi kumpa yeyote anayejitokeza. Mwaka 2018 mwenye event-stream, kifurushi kilichokuwa kinashushwa na watu wengi mno, alichoka akamkabidhi mtu asiyemjua aliyejitolea kusaidia, yule mtu akaingiza kodi ya kuiba bitkoini za watu kwenye pochi ya Copay. Mwenye kifurushi simlaumu hata kidogo, alikuwa anafanya bure na hakuwa anakitumia tena. Mi nilisubiri. Kuna dada yuko Tabora alianza kwa kusahihisha maandishi, akaja kwenye testi, akaanza kujibu watu vizuri kuliko mimi (mi nina hasira za karibu), tukawa tunaongea kwenye simu, tukafanya na kazi moja ya kulipwa pamoja. Ndo nikampa funguo, wote tumewasha uthibitisho wa hatua mbili, na toleo halitoki kabla mwenzako hajalipitia. Kazi ya kulipwa ikija upande wa Tabora ni yake na matunzo ni yake, sichukui kitu.

Kwa sasa tunachongojea ni Temporal, mfumo mpya wa tarehe na saa ndani ya JavaScript yenyewe, Firefox waliuweka 2025. Una saa tupu isiyobeba tarehe wala ukanda, kitu ambacho sisi tumekijenga kwa mkono mistari kibao. Ukishafika kwenye simu wanazotumia abiria wetu, siyo zangu mimi, yule dada keshasema nusu ya kodi anaifuta mwenyewe, na mi nimemwambia asiniulize, afute tu.